Kompyuta ya Mtoto wa Kijijini

Jembe zuri likiegemezwa ukutani halilimi shamba. Neno hilo kila mkulima alijua. Basi, wasomaji wapenzi, leo twataka kuwasimulia habari za jembe la namna nyingine: kompyuta ndogo ya kupakata, iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Walioitengeneza walikuwa watu wa akili nyingi, na kazi yao ilikuwa nzuri ajabu. Lakini habari zake zina fundisho kubwa kwa kila mzazi aliye na mtoto shuleni. Maana siku hizi vyombo vya namna hii vinaingia mashuleni, na wazazi huombwa michango. Yafaa tujue tunachangia nini.

WAZO LA BWANA NEGROPONTE

Mwanzoni mwa mwaka 2005, Bwana Nicholas Negroponte, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alitangaza jambo lililowashangaza wengi. Alisema kwamba yawezekana kutengeneza kompyuta ya kupakata kwa dola 100 tu, na kwamba kila mtoto wa nchi maskini angepaswa kuwa na yake mwenyewe. Wakati ule kompyuta za namna hiyo ziliuzwa kwa bei kubwa mara nyingi kuliko hiyo. Akaanzisha shirika la kazi hiyo, liitwalo OLPC, maana yake "Kila Mtoto Kompyuta Yake".

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Tunis, aliionyesha mashine ya mfano, naye Bwana Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwapo. Mashine hiyo ilikuwa na mkono wa kuzungusha, kama ule wa cherehani, ili mtoto ajipatie umeme mwenyewe. Watu wakaifurahia sana. Lakini mafundi walipoijaribu waliona kwamba kuzungusha kule kunauchosha mwili wa mashine. Wakauondoa mkono ule. Hapo twaona kwamba kinachopendeza machoni pa wakubwa mkutanoni, si lazima kifae mikononi mwa mtoto.

MASHINE ISIYOOGOPA VUMBI

Mafundi hawakukata tamaa. Walijiuliza maswali yaliyo ya maana kabisa. Je, mtoto akiidondosha njiani? Je, mvua ikimkuta? Je, akisomea nje juani? Je, kijijini hakuna umeme?

Kila swali walilitafutia jibu. Kasha la mashine walilifanya kwa plastiki nene kuliko ya kompyuta za kawaida, wakaitia kishikio ili mtoto aibebe kama mkoba mdogo. Uzito wake haukufika kilo mbili. Vitufe vya kuandikia walivifunika kwa mpira usio na tundu, ili vumbi na matone ya maji yasipenye. Antena zake mbili zilisimama kama masikio ya sungura. Na mtoto alipozikunja, zilifunika matundu ya pembeni vumbi lisiingie.

Ndani hamkuwa na feni wala sahani ya kuzunguka ya kuhifadhia kazi, kwa sababu vitu vinavyozunguka ndivyo vinavyoharibika upesi. Skrubu za akiba waliziweka ndani ya kishikio, ili ikipotea moja isiwe shida kupata nyingine. Hata kwenye kifuniko walichora alama ya rangi mbalimbali, ili kila mtoto aitambue ya kwake kati ya nyingi za darasani.

Lakini sifa kubwa ilikuwa ya kioo chake. Bibi Mary Lou Jepsen, mtaalamu wa vioo vya mashine, alibuni kioo kinachosomeka hata katika jua kali. Mtu aliyewahi kujaribu kusoma simu yake shambani saa sita mchana atajua maana ya jambo hilo. Tena taa ya kioo ikizimwa, mashine ilitumia umeme wa wati chache tu. Betri yake ilistahimili kuchajiwa mara 2,000 hivi, na iliweza kupata umeme kutoka sola au betri ya gari. Tena mashine zilizokaribiana ziliweza kupelekeana habari zenyewe kwa zenyewe, hata pasipo intaneti.

BEI ILIPANDA

Mashine hizo, zilizoitwa XO, zilianza kutengenezwa kwa wingi mwezi wa Novemba 2007. Bei yake haikuwa dola 100, bali dola 188 hivi. Mpango ulitegemea serikali ziagize mamilioni kwa mara moja ili bei ishuke, lakini maagizo hayakufika kiasi kilichotazamiwa.

Nayo dola 188 ilikuwa bei ya mashine peke yake. Ilikuwapo bado gharama ya kuisafirisha hadi kijijini, ya umeme wa shule, ya kuwafundisha walimu, na ya kuitengeneza iharibikapo. Mwenye kununua ng'ombe hununua pia kazi ya kumchunga!

PERU NA URUGUAY

Tuzitazame sasa nchi mbili za Amerika ya Kusini, maana hapo ndipo penye fundisho.

Nchi ya Peru ilianza mwaka 2008, na baadaye ikagawa mashine zaidi ya 800,000. Walianza na shule ndogo za vijijini, zile ambazo mara nyingi mwalimu mmoja hufundisha madarasa kadhaa pamoja. Nia ilikuwa njema kabisa. Mwaka 2012 wataalamu wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika shule 319. Waliona nini? Kompyuta zilikuwapo kweli, nao watoto walizitumia. Lakini katika mitihani ya hesabu na lugha, watoto waliopewa mashine hawakuwashinda wale wasiopewa. Faida kidogo ilionekana katika majaribio mengine ya akili, si katika masomo yenyewe.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Walimu walipewa mafunzo mafupi tu. Shule zilizo nyingi hazikuwa na intaneti. Tena watoto wengi hawakuzipeleka mashine nyumbani, kwa kuwa watu waliogopa lawama kama ingeibiwa au kuvunjika. Basi, mashine iliyojengwa isiogope mvua wala vumbi, ikabaki shuleni kwa hofu ya kuharibika!

Nchi ya Uruguay ni ndogo, nayo ilikwenda kwa hatua. Mwezi wa Mei 2007 ilianza na mji mdogo mmoja, Villa Cardal, wenye watoto wa shule 150 hivi. Kisha ikaendelea mkoa kwa mkoa, hata mwaka 2009 kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali alikuwa na mashine yake. Jumla yao walizidi 300,000. Mpango wao waliuita Ceibal. Mashine zilipoanza kuvunjika, walipanga utaratibu wa matengenezo, na mafundi wakazifuata shule kwa magari.

Hata hivyo, tusidanganyane. Huko Uruguay nako, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 haukuona kwamba mashine peke yake zimeinua hesabu na kusoma. Lakini wao walikuwa wameanza kufanya jambo jingine la busara. Tangu mwaka 2012 walitumia mitambo kuwaletea watoto walimu wa Kiingereza. Mwalimu yu mbali, pengine hata nchi nyingine, watoto wanamwona na kuongea naye katika kioo; na mwalimu wao wa darasa yupo palepale anawaongoza. Yaani chombo hakikuchukua nafasi ya mwalimu, bali kilimleta mwalimu pale alipokosekana.

Karibu nasi, jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2008, wakagawa mashine hizi zaidi ya 200,000. Baadaye wakageukia zaidi njia ya kuweka vyumba vya kompyuta mashuleni, ambamo mwalimu hufundisha na wanafunzi wengi hutumia mashine kwa zamu.

Shirika la Bwana Negroponte lenyewe lilipungukiwa na nguvu. Mwaka 2009 liliachisha kazi nusu ya watumishi wake. Lakini tusiseme kazi yao ilipotea bure. Waliwaonyesha watu kwamba kompyuta ndogo, nyepesi, isiyokula umeme mwingi, inawezekana.

WAZAZI WAULIZE

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati iitwayo Inter Mirifica, ulifundisha kwamba vyombo vya kupashana habari ni vipaji vinavyoweza kuwafaidia watu sana, tena kwamba ni wajibu wa wazazi kuangalia watoto wao wanavitumiaje. Fundisho hilo halijachakaa.

Basi, siku mtakapoambiwa kwamba kompyuta zinaletwa katika shule yenu, furahini, lakini katika mkutano wa wazazi ulizeni maneno haya kwa upole:

Kwanza: Nani atawafundisha walimu, na kwa muda gani?

Pili: Umeme utatoka wapi, na nani ataulipia mwaka wa pili na wa tatu?

Tatu: Mashine ikivunjika, fundi yuko wapi, na vipuri vitapatikana wapi?

Nne: Mna masomo gani ndani yake, na kwa lugha ambayo mtoto anaielewa?

Tano: Mtoto akiipeleka nyumbani na ajali ikatokea, nani atalipa?

Majibu yakiwa mazuri, changieni kwa moyo. Majibu yakikosekana, si dhambi kusema: tuanze na vitabu, madawati na nyumba ya mwalimu, kisha tutafika huko.

Na nyumbani, baba na mama, kuna kazi isiyongoja umeme. Jioni mwambie mtoto akusomee ukurasa mmoja kwa sauti. Mwulize leo amejifunza nini. Hata kama wewe mwenyewe hukupata kusoma, atakapoona unamsikiliza, atajua kwamba masomo yake ni kitu cha thamani. Mtoto aliyelelewa hivyo, siku atakapopewa kompyuta, atajua la kufanya nayo.