Drasena ya mpakani inapohamia sebuleni

Drasena inayosimama imara mpakani mwa shamba mara nyingi hufa ndani ya nyumba, na kinachoiua kwa kawaida si kiu bali ni maji.

Nyakalengija, wilayani Kasese, ambako wapandaji wengi wa Milima ya Rwenzori huanzia safari yao, ipo takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mvua hapo ni nyingi, lakini ardhi ni ya mteremko: maji hupita, mizizi hupumua. Katika chungu kisicho na tundu chini, maji hutuama, mizizi ikakosa hewa na kuoza. Majani hunyauka na shina hulegea. Mwenye mmea, akidhani una kiu, huongeza maji.

Kipimo bora ni kidole. Iwapo udongo umekauka kiasi cha sentimita 3 kutoka juu, maji yatiwe hadi yatokeze tunduni, na yanayobaki katika sahani yamwagwe. Mjini Kasese, bondeni kwenye joto kali zaidi, udongo hukauka upesi. Ratiba ya jamaa aliye mlimani haifai kuigwa. Mwanga uwe wa kutosha, ila jua la mchana lisipige majani moja kwa moja, maana huyababua.

Ncha zikigeuka kahawia, huenda hewa ni kavu mno, lakini maji nayo yachunguzwe. Drasena hudhuriwa na floraidi, ambayo ni nyingi katika visima vya baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa. Maji ya mvua ni salama zaidi, tena hayauzwi. Paka na mbwa wazuiwe: wakitafuna majani hayo huweza kutapika.

Kuupanda mmea huu ni rahisi. Kipande cha shina cha urefu wa shubiri moja, kikichomekwa katika udongo wenye unyevu, huota mizizi baada ya wiki kadhaa. Swali ni kikatwe wapi. Katika sehemu nyingi za Uganda safu ya drasena ndiyo alama ya mpaka kati ya majirani, kama ilivyo kwa Wachaga wa Kilimanjaro, wanaouita sale na kuutumia pia kuombea msamaha. Wilayani Kasese, ambako mito ilifurika Mei 2013 na tena Mei 2020 na kuharibu mashamba, alama kama hiyo si pambo. Likatwe tawi la juu, tena jirani akijua, na shina liachwe mahali pake. Anayeng'oa mmea mzima, hata kwa ajili ya chungu cha sebuleni, aweza kudhaniwa anahamisha mpaka, na shauri hilo likafikishwa kwa wazee.