Tandiko la Punda: Jinsi ya Kulichagua, Kulitengeneza na Kulirekebisha

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo aubebao mwingine huonekana mwepesi kwetu, na huonekana mwepesi zaidi ukiwa mgongoni mwa punda, ambaye hana namna ya kulalamika. Anapolalamika hupiga teke, nasi husema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Ndugu msomaji, kabla ya kumlaumu mnyama, mvue tandiko uangalie mgongo wake. Mara nyingi sababu ya teke utaikuta hapo.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kupata tandiko linalomfaa punda wako, jinsi ya kulifunga, na kwa nini tandiko zuri ni lile linaloweza kurekebishwa. Farasi ni wachache sana katika mikoa yetu, lakini kwa yeyote anayemfuga kanuni za msingi ni zile zile.

Kwa nini jambo hili ni muhimu kwetu

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya milima na mabonde. Vijiji vingi vya Rungwe, Mbeya Vijijini, Kilolo na Mufindi vina mashamba yaliyo mbali na barabara ya gari, na kwenye njia nyembamba za mlimani mkokoteni haupiti. Mazao, kuni na maji hubebwa kichwani, na wabebaji wengi ni akina mama.

Juhudi za kupunguza mzigo huu si mpya. Mwaka 1985 Mradi wa Usafiri Vijijini ulianza wilayani Makete kwa msaada wa Shirika la Kazi la Kimataifa (ILO). Wakati huo Makete ilikuwa bado katika Mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 iko katika Mkoa wa Njombe. Mradi ulitengeneza njia za miguu na kuhimiza matumizi ya punda wa kubeba mizigo. Huko Mbeya, mwaka 1987 ulianza mradi wa kuendeleza maksai wa kulima na kukokota. Hivyo wanyamakazi wanajulikana kwetu. Kinachopungua mara nyingi ni ujuzi wa vifaa vya kuwavika.

Punda mwenye kidonda mgongoni hawezi kufanya kazi. Akipumzishwa, mzigo unarudi kichwani kwa mama. Akilazimishwa kubeba, kidonda kinazidi na hatimaye kaya inampoteza. Kumpata mwingine si rahisi, kwa kuwa punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Aidha, biashara ya ngozi za punda imepunguza idadi yao katika sehemu nyingi za Afrika, hata mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Kumtunza uliye naye ni nafuu kuliko kumtafuta mwingine.

Uelewe kwanza mgongo wa punda

Pitisha mkono wako mgongoni mwa punda, kuanzia shingoni kwenda mkiani. Katikati utahisi mfupa wa uti wa mgongo, na juu yake kuna ngozi tu, hakuna nyama. Pembeni, kushoto na kulia, utahisi misuli iliyolala juu ya mbavu. Hapo ndipo mahali pa kubebea mzigo.

Kanuni kubwa ni hii: mzigo ukae kwenye mbavu za pande zote mbili, na kitu chochote kisiguse uti wa mgongo. Ngozi ikibanwa kati ya mfupa na mbao au kamba, damu haipiti vizuri. Ngozi hiyo hufa kidogo kidogo, na baada ya siku chache kidonda hujitokeza.

Mgongo wa punda pia ni ulionyooka. Farasi ana mwinuko mwanzoni mwa mgongo ambao husaidia kuzuia tandiko, lakini wa punda ni mdogo sana. Kwa hiyo punda anapoteremka mlima tandiko huteleza kuelekea shingoni, na anapopanda hurudi nyuma. Kwetu hakuna safari isiyo na mteremko, hivyo mikanda ya kuzuia si ya hiari.

Sehemu za tandiko zuri

1. Mito miwili. Hii hushonwa kwa gunia au turubai na kujazwa nyasi kavu laini, majani ya ngano au ya mpunga, au sufi. Mmoja hukaa kushoto na mwingine kulia. Kati yake pawe na nafasi ya upana wa vidole vinne, iwe kama mfereji juu ya uti wa mgongo. Mto uwe mnene kiasi kwamba ukiubonyeza kwa ngumi husikii mfupa wala mbao upande wa pili.

2. Mbao. Juu ya kila mto hulazwa ubao bapa wenye urefu wa takriban sentimita 40, kutegemea ukubwa wa punda. Ubao usikandamize bega, wala usipite ubavu wa mwisho kwa nyuma. Kingo zote zikwanguliwe ziwe za mviringo.

3. Miguu ya mbao. Mbao hizo mbili huunganishwa kwa jozi mbili za miti iliyokutana kama herufi X, moja mbele na moja nyuma. Ncha za juu ndizo zinazoning'iniza mzigo.

4. Mikanda mitatu. Mmoja hupita chini ya tumbo, mmoja kifuani, na mmoja huzunguka mapaja kwa nyuma. Iwe na upana wa angalau vidole vinne. Gunia lililokunjwa mara kadhaa na kushonwa linafaa. Kamba nyembamba ya nailoni hukata ngozi kama kisu. Mpira wa tairi nao usiguse ngozi moja kwa moja, kwa kuwa huzuia jasho na kung'oa nywele.

5. Kitambaa cha chini. Kipande cha blanketi kuukuu la pamba au sufu hutandikwa kwanza ili kunyonya jasho. Kifuliwe na kukaushwa mara kwa mara. Mwiba mmoja wa mchongoma ulionasa ndani yake unatosha kuleta kidonda.

Kwa nini liwe la kurekebishwa

Punda habaki na umbo moja mwaka mzima. Mwezi Machi, nyasi zikiwa nyingi, mbavu zake hujaa. Kufikia Oktoba, kabla ya mvua, amekonda na uti wa mgongo umejitokeza. Tandiko lililomtosha Machi, Oktoba litamkalia kwenye uti. Tena kaya nyingi huazimana punda na vifaa, na si punda wote wanalingana.

Watu wengi hujaribu kutatua tatizo hili kwa kuongeza blanketi. Ikiwa tandiko ni pana mno kwa punda aliyekonda, blanketi lililokunjwa juu ya kila ubavu husaidia kwa muda, mradi mfereji wa katikati ubaki wazi. Lakini ikiwa tandiko linambana, blanketi linaongeza kubana, kama mtu anayevaa soksi tatu ndani ya kiatu kidogo.

Njia bora ni kumwomba seremala atoboe tundu pale miti ya X inapokutana na kuifunga kwa bolti badala ya misumari. Chini ya makutano hayo aweke kipande cha chuma bapa chenye matundu matatu au manne, kinachounganisha mguu mmoja na mwingine. Ukibadili tundu, tandiko linapanuka au kufinyika. Chuma hicho ni lazima kiwepo, kwa sababu bila hicho uzito wa mzigo utaipanua miguu na kuliangusha tandiko juu ya uti. Chuma chenyewe kikae juu vya kutosha kisiguse mgongo. Mikanda nayo ifungwe kwa bizimu, kama ile ya mshipi wa suruali, ili iweze kukazwa na kulegezwa.

Kumpima punda

Chukua waya laini wenye urefu wa takriban mita moja. Ulaze kwa kukatisha mgongo, vidole vitatu nyuma ya mfupa wa bega, kisha uubonyeze ufuate umbo la mgongo. Uondoe taratibu bila kuukunjua, uuweke juu ya boksi la karatasi ngumu na uchore umbo lake. Fanya vivyo hivyo pale tandiko litakapoishia kwa nyuma. Mpelekee seremala michoro hiyo miwili. Mbao zilale sambamba na mistari ya pembeni, na nafasi ya unene wa mito iachwe.

Jinsi ya kumvika

1. Piga mswaki au pangusa mgongo. Ondoa tope na majani.
2. Weka blanketi mbele kidogo, kisha livute nyuma ili nywele zilale. Usilivute kwenda mbele.
3. Weka tandiko nyuma ya mabega.
4. Funga mkanda wa tumbo upana wa kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Vidole viwili viweze kupita kati ya mkanda na ngozi.
5. Mkanda wa kifua usiwe juu hata ukabana koo, wala chini hata ukazuia miguu.
6. Mkanda wa nyuma ukae katikati ya mapaja, na kiganja kilicholala kiweze kupita. Usitumie kamba inayopita chini ya mkia.
7. Pakia pande zote mbili kwa pamoja, watu wawili wakisaidiana.
8. Mzigo ukiwa tayari juu, ingiza vidole viwili kati ya tandiko na uti wa mgongo. Visipopita, shusha mzigo urekebishe. Kipimo cha tandiko tupu hakitoshi.

Baada ya mwendo wa dakika chache simama ukague mikanda tena.

Uzito wa mzigo na wa mpandaji

Punda wetu wengi wana uzito wa kati ya kilo 120 na 150. Mzigo pamoja na tandiko visizidi theluthi moja ya uzito huo, yaani takriban kilo 40 hadi 50, na kwenye milima mikali upunguze. Debe moja la mahindi kila upande linatosha. Gunia zima halifai, sembuse lumbesa ya viazi. Pande mbili zilingane. Ukibeba dumu la maji upande mmoja, weka dumu lililojaa vile vile upande wa pili. Punda asibebeshwe mzigo kamili kabla ya kutimiza miaka minne.

Kwa mpandaji hesabu ni hiyo hiyo. Mtoto au mtu mwepesi, ambaye uzito wake pamoja na tandiko hauzidi theluthi hiyo, anaweza kupanda, lakini mtu mzima wa kawaida ni vyema atembee. Anayepanda akae katikati, nyuma kidogo ya mabega, juu ya tandiko lenye mito na mfereji kama tulivyoeleza, wala asikae juu ya kiuno cha punda. Vikuku vya kuwekea miguu virekebishwe ili magoti yakunjike kidogo tu. Miguu inayoning'inia humchosha mpandaji, naye akiyumba humwumiza mnyama.

Wenye mikokoteni wakumbuke kwamba nira ya ng'ombe haimfai punda. Ng'ombe hukokota kwa nundu, bali punda hukokota kwa kifua, na avikwe mkanda mpana wa kifuani.

Kidonda kinaonyesha kosa liliko

- Juu ya uti wa mgongo: mito imeshindiliwa au tandiko ni pana mno.
- Mwanzo wa mgongo, karibu na shingo: tandiko linateleza mbele au linabana. Kagua mkanda wa nyuma.
- Upande mmoja tu: mzigo haulingani.
- Nyuma ya kiwiko: mkanda wa tumbo ni mwembamba au uko mbele mno.
- Chini ya mkia: ondoa kamba, weka mkanda wa mapaja.

Usingoje kidonda. Unapovua tandiko punda akiwa na jasho, tazama alama. Sehemu kavu katikati ya sehemu iliyolowa inaonyesha kwamba hapo panabanwa sana. Nywele nyeupe zinazoota mahali pamoja ni kovu la kubanwa kwa zamani.

Kidonda kikitokea, mpumzishe punda mpaka kipone kabisa. Kioshe kila siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Usipake oili chafu, majivu wala maji ya betri. Kidonda kikitoa usaha au kuvimba, mwite mtaalamu wa mifugo. Kisha rekebisha tandiko kabla ya kumrudisha kazini, la sivyo kidonda kitarudi pale pale.

Wito kwa vikundi

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Hata kabla ya sheria hiyo, Biblia katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, ilikwisha kuagiza kwamba ukimkuta punda wa adui yako ameanguka chini ya mzigo, umsaidie. Tunashauri kila kikundi chenye punda kichague siku moja, wanachama wawalete punda wao, wapimane migongo na kukagua vifaa pamoja na seremala wa kijiji na fundi viatu. Siku hiyo ifanyike mara mbili kwa mwaka, mwezi Mei baada ya mvua na mwezi Oktoba kabla ya kilimo, kwa kuwa hizo ndizo nyakati umbo la punda linapobadilika.