Kutafuta Maji Kabla ya Kuchimba

Katika sehemu nyingi za Kenya, watu wa kijiji au wa shule huchanga fedha muda mrefu ili wachimbiwe kisima kirefu kwa mtambo. Mtambo ukifika, malipo yake huhesabiwa kwa kila mita, ikiwa chini mna maji au mna mwamba mkavu. Kwa hiyo kazi ya kupata mahali pafaapo yapasa kwisha kabla mtambo haujaja.

Wengi hudhani kwamba chini ya ardhi mna mito, na kwamba mtu hodari aweza kuigundua kwa kijiti chenye panda. Sivyo. Maji hukaa katika vitundu vya mchanga na nyufa za mawe, na kijiti kilipojaribiwa na wataalamu hakikushinda kubahatisha. Hata hivyo wazee wasidharauliwe: ajuaye ni wapi mikuyu hubaki kijani wakati wa kiangazi ana habari inayomfaa mtaalamu.

Nchi zetu hazifanani. Sehemu kubwa ya Ukambani imelala juu ya miamba migumu ya kale, na maji hupatikana pale tu mwamba ulipopasuka au kuoza. Ndiyo sababu mtu hupata maji, na jirani yake, hatua mia kutoka hapo, akakosa. Katika Bonde la Ufa lava imelala tabaka juu ya tabaka, na maji hukaa baina yake. Pwani, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Yakivutwa kwa pupa, chumvi hupanda.

Mtaalamu hutazama kwanza ramani na picha zilizopigwa kutoka angani, akifuata mistari ya nyufa. Kisha hupigilia ardhini vigingi vinne vya chuma. Hupitisha umeme katika viwili vya nje, na kwa viwili vya ndani hupima jinsi ardhi inavyouzuia. Kadiri vigingi vya nje vinavyosogezwa mbali, ndivyo umeme unavyokwenda chini zaidi. Mwamba mkavu huuzuia sana. Mwamba uliooza wenye maji huupitisha. Lakini udongo wa mfinyanzi huupitisha vilevile, na maji ya chumvi huupitisha kupita yote.

Hapo ndipo watu hukosea. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba akiba kubwa ya maji imepatikana Lotikipi, katika Turkana, na furaha ilikuwa kubwa. Baadaye maji ya kisima cha majaribio yalipopimwa yalikutwa na chumvi nyingi mno, hayafai kunywewa. Chombo huonyesha mahali ambapo huenda pana maji. Utamu wake hujulikana baada ya kuchimba na kupima.

Katika Bonde la Ufa ni lazima kupima floridi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto huingia madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa huharibika. Kuyachemsha maji hayo hakuiondoi.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba. Mwenye kuchimba bila kibali hujitia hatarini, na visima vilivyosongamana hunyang'anyana maji.

Maji yakipatikana, huja kazi ya kuchimba mitaro ya mabomba, na mjini au kando ya barabara mitaro hiyo hukuta waya za umeme na za simu na mabomba ya watu wengine. Waulizeni kwanza wenye nyaya na mabomba hayo, nao waonyeshe yanapopita. Kisha chimbeni kwa mkono mashimo madogo ya kujaribu, kwa beleshi, polepole. Sururu isitumiwe karibu na waya. Utepe wa plastiki wa rangi kali ukitokea udongoni, simameni, kwa maana waya iko chini yake. Waya iliyokatwa isiguswe hata ikionekana haina umeme. Watu wote waondoke, na shirika la umeme liitwe.