Motokaa ya Fahari kwa Bei ya Majokofu Mawili

Mkulima wa Busi, katika Wilaya ya Kondoa, akioneshwa motokaa inayouzwa, aghalabu huuliza maswali mawili kabla hajafika kwenye bei. Kwanza, inachukua magunia mangapi? Pili, ikiharibika, spea zake zinapatikana wapi? Maswali hayo ni ya busara. Katika vilima vya Irangi gari ni mwenzi wa jembe. Hupeleka mahindi, alizeti na mbaazi sokoni, humfikisha mgonjwa hospitalini, na hurudi na mabati ya kuezekea. Gari lisiloweza kazi hizo ni mzigo kwa mwenyewe.

Sasa na tumchukulie kwamba mkulima huyo amesomewa tangazo la namna nyingine: inauzwa limuzini ya fahari, iliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Haichukui hata gunia moja. Hunywa petroli bila haya. Spea zake hazipo dukani, ila zichongwe upya na fundi mmoja mmoja. Umri wake umepita miaka themanini. Hata hivyo, katika minada ya Ulaya na Marekani, motokaa za aina hiyo huweza kuuzwa kwa fedha inayotosha kununua malori kadhaa mapya. Msomaji wetu atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini tunamwomba akishacheka atulie, maana ndani ya tangazo hilo limo jambo linalotuhusu sote: namna watu wanavyokipima kitu cha kale siku kinapotakiwa kuuzwa.

Yafaa tueleze kwanza limuzini za wakati ule zilikuwa magari gani. Kiwanda kama cha Rolls-Royce hakikumuuzia mteja gari zima. Kilimuuzia chesi, injini na magurudumu. Kisha mteja akaupeleka mtambo huo kwa mafundi wa bodi, kama vile Barker, Hooper au Park Ward wa London, akawaeleza anavyotaka. Mafundi hao walijenga kiunzi cha mbao, wakakivika mabati yaliyofuliwa kwa mkono. Baina ya dereva na bwana wake waliweka ukuta wa kioo ulioweza kupandishwa na kushushwa. Mara nyingi kiti cha dereva kilivikwa ngozi ngumu, na viti vya nyuma vikavikwa kitambaa laini cha sufu. Hivyo ndani ya gari moja mlikuwa na vyumba viwili na madaraja mawili ya watu, na kila aliyeliona likipita alielewa nani ni nani.

Rolls-Royce aina ya Phantom III, iliyokuwa na injini ya silinda 12, ilitengenezwa tangu mwaka 1936 hata 1939, na jumla yake ni zaidi ya 700 tu. Vita vilipoanza, nguvu za kampuni hiyo ziligeuzwa kuunda injini za ndege. Baada ya vita desturi ya kumshonea kila tajiri gari lake, kama fundi cherehani ashonavyo kanzu, ilififia. Ndiyo sababu motokaa hizo hazifanani kabisa hata zikiwa za aina moja, na kila moja ina habari zake.

Katika habari hizo hakuna inayofundisha kuliko ile ya Bugatti Royale. Ettore Bugatti, mwenye kiwanda huko Molsheim, Ufaransa, aliazimu kuunda motokaa itakayowafaa wafalme. Injini yake ilikuwa na ukubwa wa lita zipatazo 12.7, zaidi ya injini za malori mengi tuyaonayo barabarani leo. Kisha ukaja mwaka 1929, soko la hisa la New York likaanguka, na uchumi wa dunia ukayumba. Motokaa sita tu zilikamilika, na kati ya hizo tatu tu zilipata wanunuzi. Hakuna mfalme hata mmoja aliyepata kukabidhiwa yake. Injini zilizoundwa kwa ajili ya wakuu zikaishia kufungwa katika treni ndogo za Ufaransa, zikawachukua abiria wa kawaida kutoka mji hadi mji. Tunasadiki kwamba huko ndiko zilikofanya kazi yenye manufaa zaidi.

Lakini zile zilizobaki mikononi mwa familia zilipatwa na mambo mengine. Wakati wa vita zilifichwa nyuma ya ukuta wa matofali ili majeshi ya Ujerumani yasizitwae. Vita vikaisha, kiwanda kikawa taabani, na Ettore mwenyewe akafariki mwaka 1947. Mwaka 1950 Mmarekani Briggs Cunningham, dereva wa mashindano, alinunua mbili miongoni mwake. Inasimuliwa kwamba alilipa faranga 200,000 na majokofu mawili mapya. Moja ya motokaa hizo, yenye bodi ya mafundi Kellner, ilinadiwa na kampuni ya Christie's katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, Novemba 1987. Ilipata pauni za Kiingereza milioni 5.5.

Tusiwacheke wauzaji wa mwaka 1950. Nchi ilikuwa imetoka vitani, na jokofu lilikuwa kitu cha tamaa. Mwenye shida hana bei. Huipokea ile aliyopewa. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza ni nini kilichobadilika katika miaka ile 37. Chuma kilikuwa kilekile na injini ileile. Kilichoongezeka ni maarifa ya watu juu ya kitu hicho. Walijua zilikuwa sita tu, walijua kila moja ilijengwa na nani, ilikaa kwa nani, ilifichwa wapi na ilitoka vipi. Mnunuzi mwenye akili wa magari ya kale huanza kwa kusoma namba ya chesi na namba ya injini, akazilinganisha na daftari la kiwanda na la mafundi wa bodi, kisha akaomba picha za zamani na hati za wamiliki waliotangulia. Gari lililopoteza habari zake hushuka thamani hata liking'aa kama kioo. Gari lenye habari zake zote huheshimiwa hata likiwa na vumbi.

Wapo waliouza na baadaye wakajuta. Maharaja wa Rajkot, huko India, alikuwa na Rolls-Royce ya mwaka 1934, maarufu kwa jina la Star of India. Mwaka 1968 iliuzwa ikaondoka nchini. Ilipofika mwaka 2010 ikanadiwa Monaco, na mtu wa ukoo uleule akaenda kuinunua ili irudi Rajkot. Ukoo ulilazimika kulipia kile kilichokuwa chao. Tena wao walikuwa na bahati, kwa kuwa mali ilikuwapo ya kulipia. Wengine wakishauza, wameuza.

Basi tujitazame wenyewe. Katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1940 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano, imewekwa motokaa ya Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza, na baada ya Uhuru ikatumiwa na Mwalimu Julius Nyerere. Mtoto wa shule anayesimama mbele yake hahitaji hotuba ndefu. Anaona kiti alichokalia gavana. Anaambiwa kwamba mwaka 1961 nchi ilijitawala, na aliyerithi kiti hicho ni mwana wa nchi. Kisha mwalimu wake anaweza kumweleza kwamba mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, kupokea mishahara miwili au kuwa na hisa katika makampuni, na kwamba katika zama hizo wananchi walibuni neno Wabenzi kuwasema wakubwa waliopenda magari ya fahari. Mafunzo yote hayo yanapatikana katika chombo kimoja kilichosimama. Motokaa hiyo haichukui magunia, lakini inabeba historia ya madaraka katika nchi yetu.

Atatokea mwenye kusema: iuzweni, mnunue gari la wagonjwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, hasa hapa kwetu. Barabara kuu ya lami kutoka Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, nayo imewapunguzia watu adha kubwa. Lakini mama mjamzito hajifungulii kando ya barabara kuu. Anatoka kijijini, na masika njia ya kijijini huwa tope. Anayepima uhai wa mama huyo na kioo cha motokaa ya gavana hakosi kuchagua uhai.

Jibu letu ni kwamba mizani hiyo imewekwa vibaya. Gari la wagonjwa ni haki ya mwananchi ya kila mwaka, na gharama yake sharti itoke katika bajeti ya kila mwaka. Likinunuliwa kwa kuuza kumbukumbu, baada ya miaka kumi litakuwa limechakaa, na kumbukumbu haitakuwapo tena ya kununulia jingine. Tena fedha ya mara moja ina desturi ya kupotea njiani pasipo kufika kwa mama aliyetajwa wakati wa kuuza. Hatusemi kwamba kitu cha kale kisiuzwe kamwe. Mtu binafsi ana haki ya kuuza mali yake, na hata taasisi ya umma yaweza kuwa na vitu viwili vya aina moja ikabakiza kimoja. Tunachosema ni kwamba kisiuzwe kabla hakijajulikana. Kiandikwe, kipigwe picha, kithaminiwe na mtu asiye mnunuzi, kinadiwe hadharani, na Makumbusho ya Taifa ipewe nafasi ya kwanza ya kukitwaa kwa bei ya haki.

Hapo sheria zetu zinahitaji kutazamwa upya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mkono wake juu ya vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863, na ikaikumbuka pia milango ya kuchongwa iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1940. Ilikuwa busara kubwa, maana milango ya mwambao ilikuwa ikitamaniwa na wageni. Lakini motokaa iliyoundwa ng'ambo mwaka 1936, ikatumika hapa kwa miongo kadhaa, haimo katika tarehe hizo. Kwa upande wa pili, kanuni za kodi hutoza ushuru wa ziada gari kuukuu linapoingizwa nchini. Jambo hilo ni la haki kwa magari yaliyochakaa yanayojaza moshi mijini. Hata hivyo, Mtanzania ambaye angetaka kufanya kama ukoo wa Rajkot, akarudisha nyumbani kitu kilichoondoka, angekuta kwamba umri wa gari lake, ambao ndio thamani yake, umehesabiwa kuwa kosa. Inafaa wanaohusika waweke mlango mdogo kwa ajili ya vitu vya historia, na walinzi wa kutosha mlangoni ili usiwe njia ya ujanja.

Turudi Busi. Pengine hakuna limuzini iliyolala katika boma lolote hapa, na wala si limuzini tunazozitafuta. Katika wilaya hiihii, huko Kolo, ipo michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Michoro hiyo imebaki kwa sababu, miongoni mwa sababu nyingine, mwamba haupakiki kwenye lori. Vitu vinavyopakika havina kinga hiyo. Chesi ya lori la zamani, injini ya mashine ya kusaga, mizani ya ushirika, cherehani ya bibi: hivi vyote mnunuzi wa vyuma chakavu huvipima kwa kilo. Kwake yeye kilo ya historia na kilo ya msumari bei yake ni moja. Hatumlaumu, hiyo ndiyo kazi yake. Kazi ya kujua ni kitu gani kinachowekwa juu ya mizani ni yetu.

Wala kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Kabla chuma cha kale hakijapimwa, mwenyewe asome namba iliyopigwa juu yake na kuiandika. Aulize wazee: kilikuja mwaka gani, nani alikileta, kilipita njia ipi, kilifanya kazi gani. Wanafunzi wa shule wanaweza kuandika majibu hayo kwenye daftari, na simu ya mkononi ikatosha kupiga picha. Baada ya hapo mwenyewe akiamua kuuza, na auze kwa heri, maana ameuza akijua. Huenda pia akaona kwamba kile alichotaka kukitoa kwa shilingi chache kinastahili kukaa darasani, au katika makumbusho ambayo Dodoma, ikiwa makao makuu ya nchi, ingestahili kuwa nayo kwa vitu vya namna hiyo.

Kwa hiyo hatumwombi mkulima wa Busi aache maswali yake mawili. Kabla ya kununua, aendelee kuuliza magunia na spea. Lakini siku yeye ndiye muuzaji, na kitu ni cha kale, aongeze swali la tatu, ajiulize yeye mwenyewe kabla mnunuzi hajafungua mkoba: kitu hiki kimetoka wapi, na kimemtumikia nani? Familia ya Bugatti ilikuwa na majibu yote ya swali hilo, lakini shida iliwafanya wauze kabla dunia haijayasikia. Sisi tukiuza bila hata kuwa na majibu, sijui tutamlaumu nani.