Kabla ya Kupiga Windows Upya

"Fundi, nipigie Windows, mashine imechoka." Ombi hili nalisikia sana hapa Buhigwe, hasa kwa walimu wakati wa kuandaa mitihani, na kila mara naomba dakika tano kwanza. Kupiga Windows upya kunaweza kukufutia kila kitu, kunakula nusu siku, na mara nyingi baada ya miezi miwili mashine inarudi palepale, kwa kuwa ugonjwa haukuwa kwenye Windows.

Iwashe, iache itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye safu za CPU, Memory na Disk. Ukiona Disk imeganda kwenye asilimia 100 wala wewe hujagusa kitu, ugonjwa umejitaja wenyewe.

Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, mara 5,400 kwa dakika katika laptopi nyingi, na kimkono kinachohangaika juu yake kutafuta kilichoandikwa. Vikiwa vipande vidogo vilivyotawanyika, husoma mia moja hivi tu kwa sekunde, na Windows ikiwaka inadai maelfu. Sisi wa milimani tunaijua shida hii kwa magoti: nyumba iko juu, maji yako bondeni. Diski ni mto wa bondeni, RAM ni mtungi wa jikoni. Mtungi ukiwa mdogo, wa GB 2 tuseme, kuosha kikombe tu ni kushuka tena. Kompyuta nayo RAM ikijaa huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, halafu huifuata hukohuko.

Ndiyo maana dawa ninayoiamini kuliko zote ni kuweka diski ya SSD, isiyo na sahani wala kimkono. Ni kuvuta bomba hadi uani. Ya GB 240 inamtosha mtu wa barua, matokeo ya wanafunzi na picha za familia. Fedha ikibaki, ongeza RAM ifike GB 8, ila mwonyeshe fundi mashine yenyewe kabla ya kununua: kadi ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Mashine inayokwenda vizuri asubuhi, kisha baada ya nusu saa ikazubaa huku feni ikilia, hiyo ina joto. Vumbi letu jekundu la kiangazi huziba feni, na prosesa ikipata joto hupunguza mwendo ili isiungue. Ifunguliwe, ipulizwe, feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: baadhi ya laptopi zikichomekwa chaja isiyo yake hujipunguzia kasi zenyewe. Nimewahi kumaliza tatizo la mwaka mzima kwa kubadili chaja tu.

Programu zinazojiwasha pamoja na mashine zizimwe kwenye dirisha lilelile, sehemu ya Startup. Antivirusi iwe moja, mbili hugombana.

Tangu gridi ya Taifa ilipofika Kasulu na Kibondo, mkoani kwetu, mwaka 2022, zikazimwa jenereta za dizeli, hofu ya umeme imepungua, lakini umeme ukikatika ghafla diski ikiwa inaandika bado huumia. Diski iliyoumia hurudia kusoma sehemu moja mara nyingi, na mwenyewe huona uzito tu. Ukisikia inagonga tik tik, usipige Windows, usifanye lolote kabla ya kunakili mafaili yako kwenye flashi. Nimeona mwalimu akipoteza alama za miaka minne kwa kuharakisha hapo, na hakukuwa na la kumsaidia.

Ile diski uliyoitoa, kama haijaumia, usiitupe. Inunulie kasha la USB, iwe ghala la nakala. Kazi ya kutunza bila haraka inaiweza.