Vitenzi vya Malengo: Kauli za Ujifunzaji katika Shughuli za Mikono za Sayansi, Uhandisi na Sanaa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza lugha inayotumika kuandikia malengo ya ujifunzaji katika shughuli ambazo mwanafunzi hutumia mikono yake: kuunda, kupima, kufumua, kupaka rangi, kurusha, kurekebisha. Hoja ya msingi ni kwamba malengo mengi ya shughuli hizo huandikwa kwa vitenzi vya usemi, kama vile "kutaja", "kueleza", "kuorodhesha" na "kufafanua", na kwamba uteuzi huo si suala la mtindo tu. Kitenzi cha lengo ndicho kinachoamua mwalimu atapima nini. Mwanafunzi aliyeunganisha betri, waya na balbu hadi taa ikawaka, lakini akashindwa kutaja sehemu nne za sakiti, atahesabiwa kuwa hakufikia lengo, ilhali mwenzake aliyekariri sehemu hizo bila kugusa waya atahesabiwa kuwa amelifikia.

Katika shule za msingi za umma za Tanzania, ambako sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, tatizo hili ni la wanaisimu kama lilivyo la wataalamu wa elimu.

2.0 Chimbuko la kauli za malengo

Desturi ya kuandika malengo kwa vitenzi vinavyopimika ina asili yake Marekani. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake walitoa uainishaji wa malengo ya kiakili wenye ngazi sita, na mwaka 1962 Robert Mager akasisitiza kwamba lengo kamili lina mambo matatu: tendo linaloonekana, mazingira ya kulitenda, na kiwango cha kukubalika. Katika uainishaji wa 1956 majina ya ngazi yalikuwa nomino. Marekebisho yaliyotolewa na Anderson na Krathwohl mwaka 2001 yaliyageuza kuwa vitenzi na kukiweka kitenzi cha kuunda juu kabisa. Jambo moja husahauliwa mara nyingi: kikundi cha Bloom hakikuandika kitabu cha malengo ya stadi za viungo vya mwili. Kazi hiyo iliachwa kwa wengine, kama vile Elizabeth Simpson, waliokuja baadaye. Hivyo basi mkono uliingia katika nadharia ya malengo ukiwa umechelewa, na katika orodha nyingi za vitenzi zinazogawiwa walimu wanafunzi vyuoni bado haujaingia vizuri.

Kwa upande wa Tanzania, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilipinga elimu ya vitabu isiyohusiana na kazi. Lakini neno lililobeba dhana hiyo shuleni, "kazi za mikono", lilipata historia yake lenyewe. Katika shule nyingi lilikuja kumaanisha kulima, kufyeka na kubeba maji, na pengine adhabu. Mwalimu anayeliambia darasa la leo kwamba kipindi kijacho ni cha kazi za mikono asishangae wanafunzi wakiulizana majembe yako wapi. Mtalaa wa 2005, uliojengwa juu ya dhana ya umahiri, ulikuwa na somo lililoitwa Stadi za Kazi. Jina lilibadilika, ila vitenzi vya malengo havikubadilika kwa kiasi hicho.

3.0 Sarufi ya lengo

Muundo uliozoeleka ni "mwanafunzi aweze ku-", ukifuatiwa na kitenzi. Tuchukue mifano miwili: "aweze kuelewa kwa nini kishada huruka" na "aweze kutengeneza kishada". Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, na zote mbili ni malengo mabaya, kila moja kwa sababu yake.

Katika mfano wa kwanza, "kuelewa" si tendo bali ni hali inayofikiwa. Msemaji wa Kiswahili aliyemaliza kuelezwa jambo husema "nimeelewa", kwa kiambishi -me-, yaani hali iliyopatikana na inayoendelea kuwapo. Kuiambatanisha hali hiyo na "aweze" ni kuchanganya uwezo na matokeo. Mager alikipinga kitenzi cha namna hii kwa kuwa hakionekani kwa macho. Sarufi ya Kiswahili inaongeza sababu nyingine, nayo ni kwamba kitenzi chenyewe kinadai "awe ameelewa", na hapo hapo swali linazuka: ataonekanaje kwamba ameelewa? Inafaa kukumbuka pia kwamba "elewa" na "eleza" ni minyambuliko ya "elea", kitenzi ambacho pamoja na maana ya kuwa wazi akilini kina maana ya kukaa juu ya maji bila kuzama. Mtoto anayejifunza somo la kuelea na kuzama kwa kutumia beseni, kizibo na msumari yumo ndani ya familia moja ya maneno na mwalimu anayemweleza.

Mfano wa pili una kasoro tofauti. Kitenzi kinaonekana, lakini kinataja kitu badala ya ujifunzaji. Zeno Vendler, katika makala yake ya mwaka 1957, alitofautisha vitenzi vya mwendo usio na kikomo na vile vinavyokamilika kwa kufikia tamati. Aliyekatizwa wakati anasuka amekwisha kusuka. Aliyekatizwa wakati anasuka mkeka hajasuka mkeka. "Kutengeneza kishada" ni wa kundi la pili: unakamilika kishada kikiwapo. Mwanafunzi anayefuata hatua kumi za mwalimu atakuwa na kishada mwishoni, kama vile mpishi anayefuata maelekezo anavyopata chakula, na lengo litatiwa alama ya vema. Kama alijifunza kitu chochote kuhusu upepo, kauli haisemi.

Linganisha na kauli hii: "Kwa kutumia karatasi, njiti, gundi na uzi, mwanafunzi arushe kishada, abaini kasoro moja ya mruko wake, abadilishe kitu kimoja tu, kisha aonyeshe tofauti iliyotokea." Vitenzi ni vinne, na kila kimoja kina kazi. "Abaini" humlazimisha mtoto kukitazama kishada kinachoyumba au kinachopiga mbizi. "Abadilishe kitu kimoja tu" ndiyo sayansi yenyewe: akirefusha mkia na papo hapo akahamisha mahali uzi unapofungiwa, hatajua ni lipi lililosaidia, kwa kuwa mkia hukituliza kishada ilhali mahali pa uzi hubadili pembe kinayoupokea upepo. "Aonyeshe" huruhusu ushahidi usio wa maneno. Mtoto mwenye kigugumizi, au yule ambaye Kiswahili si lugha yake ya nyumbani, anaweza kukirusha tena mbele ya wenzake.

4.0 Hazina ya vitenzi vya mkono

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi kwa ajili ya shughuli hizi. Kauli ya kutendua peke yake inatoa jozi ambazo lugha nyingine huzieleza kwa maneno mengi: funga na fungua, kunja na kunjua, fuma na fumua, panga na pangua, tega na tegua, choma na chomoa. Katika uhandisi, kukibomoa kifaa kwa mpango ni njia ya kujifunza sawa na kukiunda. Fundi redio hujua redio kwa kuifungua. Hata hivyo ni nadra kuona lengo linalosema "apangue pampu ya baiskeli na kuipanga upya, akieleza kazi ya kila sehemu aliyoichomoa".

Uradidi nao una nafasi. Maumbo kama "jaribujaribu", "gusagusa" na "chezeachezea" hueleza tendo linalorudiwa kwa wepesi, bila shabaha iliyowekwa tangu mwanzo. Shuleni maumbo haya ni ya kukemea: acha kuchezeachezea vifaa. Lakini tendo linaloitwa hivyo ndilo ambalo watafiti wa Exploratorium, jumba la sayansi la San Francisco lililofunguliwa na Frank Oppenheimer mwaka 1969, wamelichunguza kama aina halali ya ujifunzaji. Badala ya kupima bidhaa ya mwisho, walitazama dalili: kama mtu anajiwekea shabaha yake mwenyewe, anarudia baada ya kushindwa, anaazima wazo la jirani au kumsaidia, anatoa sababu ya alichokibadilisha. Dalili hizo zote zina vitenzi vya Kiswahili vya kawaida. Kinachokosekana ni idhini ya kuviandika katika muhtasari.

5.0 Ugumu wa sanaa

Katika sanaa tatizo hugeuka. Kauli inayotaja matokeo kwa ukamilifu huua kazi inayoisimamia: "aweze kupaka kishada rangi nyekundu na nyeupe" ni amri, si lengo la sanaa. Elliot Eisner alipendekeza mwaka 1969 kwamba yawepo malengo ya kujieleza, ambayo hutaja hali atakayokabiliana nayo mwanafunzi na kuacha matokeo wazi. Kwa mfano wetu: "mwanafunzi akipambe kishada kwa namna itakayokitambulisha kuwa chake kikiwa angani." Kauli hii haimpi rangi wala umbo, ila inampa tatizo, na tatizo hilo linarudi katika uhandisi, maana kila pambo lina uzito.

Mpaka kati ya masomo haya matatu ni mgeni katika msamiati wetu. Neno la Kiarabu lililotupatia "sanaa" lilihusu kazi ya ufundi kwa jumla, na "fundi", "fundisha", "jifunza" na "mafunzo" yanahusiana kwa mzizi. Isichukuliwe kwamba etimolojia inathibitisha nadharia ya elimu. Inaonyesha tu kwamba mwandishi wa muhtasari halazimiki kuagiza istilahi kutoka nje kila anapotaka kuunganisha karakana na darasa la uchoraji.

6.0 Suala la "jaribio"

Lipo neno moja linalostahili tahadhari ya pekee. "Jaribio" hutumika kwa uchunguzi wa kisayansi na pia kwa mtihani mfupi wa darasani. Katika maana ya kwanza kushindwa ni taarifa: kishada kimeanguka, sasa tunajua mkia haukutosha. Katika maana ya pili kushindwa ni alama iliyopotea. Mwanafunzi anayesikia "leo tutafanya jaribio" hana budi kuamua ameitwa kwa lipi, na mazoea ya shule humvuta kuelekea lile la alama, ambapo busara ni kunakili jibu la jirani na kutothubutu. Kwa hiyo kauli ya "afanye jaribio" haitoshi. Iongezewe vijalizo vyake: anajaribu nini, kwa kubadilisha kitu gani, na ana nafasi ya kurudia mara ngapi kabla mwalimu hajaandika lolote katika daftari lake.