Printa Yenye Akili Zake

Mwaka 1985 kampuni ya Apple ilitoa printa ya leza iliyoitwa LaserWriter, kwa bei ya dola 6,995. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Motorola 68000 yenye kasi ya megahezi 12. Kompyuta ya Macintosh iliyoipa kazi ilitumia prosesa hiyo hiyo, ila kasi yake haikufika hata megahezi 8. Aliyeagizwa alimzidi nguvu aliyemwagiza.

Nguvu hizo zilikuwa na kazi. Ukurasa wa A4 ukichapwa kwa nukta 300 kila inchi una nukta kama milioni 8.7, na kila moja lazima iamuliwe iwe nyeusi au ibaki nyeupe. Kompyuta haikutuma nukta hizo. Ilituma maelezo kwa lugha ya PostScript, iliyobuniwa na Adobe: weka herufi hii hapa, piga mstari kutoka pale hadi kule. Hesabu yote iliyobaki ilifanywa na printa yenyewe. Kompyuta yoyote iliyoijua lugha hiyo iliweza kuitumia printa hiyo, iwe ya kampuni yoyote.

Miaka ya 1990 watengenezaji walitaka kushusha bei, wakazinyang'anya printa nyingi akili. Hesabu ikahamishiwa kwenye kompyuta yenye Windows, na printa ikabaki kuvuta karatasi na kutia wino. Kilichopita kwenye waya sasa kilieleweka kwa draiva ya kampuni peke yake, yaani programu ya kuiendesha printa, na draiva hiyo mara nyingi ililetwa kwa ajili ya Windows tu. Mwenye mfumo wa Linux alibaki na boksi zuri la plastiki mezani. Wapo waliojitolea kuchunguza mtiririko wa data, baiti kwa baiti, hadi wakaandika draiva zao wenyewe, na kwa maoni yangu hawajapewa sifa wanayostahili.

Mwaka 1999 ilitoka CUPS, programu ya Michael Sweet inayopokea kazi za kuchapa, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwenye printa. Linux ikaikumbatia. Mwaka 2002 Apple nayo ikaiingiza kwenye Mac OS X 10.2, na kuanzia hapo mifumo hiyo miwili ikawa inachapa kwa njia moja.

Nafuu kubwa, hata hivyo, ililetwa na simu. Nani angekubali kupakia draiva ya kila printa anayokutana nayo kwenye simu yake? Novemba 2010 Apple ilileta AirPrint: simu inaitafuta printa kwenye Wi-Fi, inaiuliza kama inachapa rangi, kama inachapa pande mbili na ina karatasi gani, kisha inatuma ukurasa kwa muundo unaojulikana. Mwaka 2013 kikapatikana kiwango kilicho wazi kwa wote, IPP Everywhere. Vyote viwili vinategemea itifaki ya IPP, ambayo CUPS iliizungumza tangu ilipozaliwa. Akili zikarudi ndani ya printa, na Linux ikanufaika bila kutajwa popote kwenye boksi.

Basi ukifika dukani, usimuulize muuzaji kama printa inakubali Linux. Anataka kuuza, atasema ndiyo. Soma boksi. Ukiona AirPrint, IPP Everywhere au Mopria, alama nyingine ya aina hiyo, una matumaini makubwa, iwe ya leza au ya matangi ya wino. Printa ya leza ya bei ya chini kabisa, yenye tundu la USB peke yake, itilie shaka: huenda ni ya ukoo ule usio na akili. Leza iliyotumika ofisini, yenye tundu la waya wa mtandao na PostScript, huwa bora kuliko hiyo hata ikiwa imezeeka, mradi tona yake bado inapatikana.

Halafu angalia karatasi. Ukiiweka Linux kwa Kiingereza cha Marekani, itadhani unatumia karatasi ya Letter, ambayo ni pana kidogo kuliko A4 lakini fupi zaidi. Printa nyingine hapo husimama, taa ikiwaka na kuzima, zikisubiri karatasi ambayo steshenari zetu haziuzi. Badilisha kuwa A4 kwenye mipangilio kabla hujairudisha dukani.